Hopeton na Miti Dume

Kaka yangu Hopeton Clunis aliikata miti dume yote ya pimento katika shamba la marehemu baba yetu. Miti iliyobaki ilipoacha kuzaa, alisimama kanisani siku ya Jumapili, mbele ya watu walioniona nikizaliwa, akasema mimi ndiye niliyeiroga. Huo ndio ubaya niliotendewa. Naanza nao ili mtu asije akadhani ninalalamika bure.

Mimi ni Verona. Jamaika nzima haina pimento, ile punje yetu ya kiungo, kama ya milima yetu ya St. Ann, na St. Ann nzima haina kama ya Stony Hollow, ninakoishi. Hakuna aliyewahi kuipanda. Ndege hula punje zilizoiva, hunya anapotaka, na mpimento huota hapo alipotaka yeye. Mmoja uliota nyuma ya jiko letu mwaka niliozaliwa. Mama alipoamka kitandani alikizika kitovu changu chini yake, kama tunavyofanya kwa kila mtoto, na tangu siku hiyo mti ule ukawa wangu. Cha Hopeton kilikuwa kimezikwa chini ya mshelisheli.

Mshelisheli wake ulizaa mpaka nguruwe wakachoka kula. Wangu ulirefuka, ukatoa gome lake jeupe na laini, ukachanua vizuri kila mwaka, na haukutoa hata punje moja. Ulikuwa dume. Miti dume ilikuwa imetapakaa shamba zima, hapa mmoja, pale mmoja, na watu waliiona kama wanavyouona mpapai dume: kivuli tu. Nilipoolewa mara mbili na mara zote mbili nikarudi nyumbani bila mtoto, kama ninyi ni watu wa kilimani mnajua majirani walivyosema. Nilikuwa na wazazi wa kuwaogesha, na nilikuwa na kazi.

Kazi yangu ni kuchambua. Shule niliiacha mapema kwa ajili yake. Mwezi wa saba wanaume hupanda mitini, wakavunja vitawi vyenye punje mbichi, na wanawake tukakaa chini ya banda la mabati tukazitoa punje kwenye vikonyo. Vidole vinakuwa vyeusi na vinanukia mpaka Krismasi. Halafu tunaanika kwenye sakafu ya saruji, tunageuza kwa reki, na mvua ikitishia kila mtu anakimbia, hata mwenye mimba. Punje ikikauka unaitikisa sikioni unasikia mbegu ndani. Lakini banda lenyewe ndilo nililolipenda. Chini ya mabati yale nilijua nani anaachwa na nani anaoa, nikacheka na wenzangu, na hakuna aliyeniuliza kuhusu watoto maana mikono yangu ilikuwa na kasi kuliko ya wote.

Baada ya mazishi ya baba, Hopeton alirudi kutoka Florida alikokuwa akichuma machungwa. Alikuja na msumeno wa injini. Kule barabara kuu wachoma nyama wanataka kuni za pimento, kwa sababu moshi wake ndio unaoipa nyama ile ladha, na Hopeton hakuona sababu ya miti isiyozaa kusimama huku watu wanaitaka. Shamba ni la ukoo. Halina mwenyewe mmoja, na mti haukatwi kabla watu hawajakaa chini. Yeye hakukaa chini na mtu. Nilikwenda sokoni kuuza viazi vikuu, na niliporudi niliisikia harufu tangu kwenye kona ya barabara. Mpimento uliokatwa unaunusa kabla hujauona.

Wangu ulikuwa tayari magogo.

"Kaka," nikamwambia, "umekata mti wa kitovu changu."

"Nimekata mti usiozaa, Vero. Ungekuwa ng'ombe ungeshaliwa zamani."

"Mama aliuchagua."

"Mama alichagua vibaya. Angekuweka chini ya mshelisheli kama mimi, labda na wewe ungepata watoto."

Wanaume waliokuwa wakipakia magogo walicheka. Hapo ndipo niliposema, mbele yao wote: "Sawa, Hopeton. Katika shamba hili hutavuna kitu tena."

Nilisema kwa hasira, kama ambavyo mtu yeyote angesema. Kisha nikaingia jikoni nikapika.

Maua yalikuja wakati wake, meupe, mengi. Yakapukutika yote na hakuna punje iliyoshika. Tukasema ni jua. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha vizuri, maua yakaja, yakapukutika vilevile. Ndipo Hopeton aliposimama kanisani wakati wa ushuhuda. Alivaa suti. Alisema inamuuma kumsema damu yake, lakini Verona aliyasema maneno juu ya kisiki, na watu waliyasikia, na matunda ya maneno hayo kila mtu anayaona. Mchungaji aliniita mbele, akanimwagia mafuta kichwani na kumkemea pepo wa kijicho. Mafuta yaliniingia machoni. Nilirudi kwenye kiti changu, nikakuta akina dada wamesogea mpaka mwisho wa benchi.

Baada ya hapo niliacha kuitwa kuchambua. Nilikwenda mwenyewe kwenye banda la Mzee Astley Burrell, jirani yetu, ambaye miti yake ilikuwa bado inazaa. Nikakaa kwenye ndoo, nikachukua kitawi. Bi Orintha, mwanamke aliyenifundisha kazi ile nikiwa mdogo, alikichukua kitawi mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Vero, mwanangu," akasema, "sina neno na wewe. Lakini wenzako wanaogopa mkono wako."

"Na wewe, Bi Orintha?"

"Mimi ni mzee. Naogopa kila kitu."

Nikaondoka. Kwa miaka kadhaa niliishi kwa viazi vyangu na kuku. Watu walinisalimia wakiwa upande wa pili wa njia. Kibaya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sikujua kwa nini miti imekataa kuzaa. Nilikuwa nimesema haitazaa, na haikuzaa. Kuna siku niliuogopa ulimi wangu. Nilianza kusema na kuku kwa upole, nisije nikawalaani bila kujua.

Kitu kimoja nilikifanya kwa ukaidi tu. Kisiki cha mti wangu kilichipua. Mbuzi wa Hopeton waliyala machipukizi, nikazungushia mabati ya zamani na miba. Hopeton alipita akacheka, akasema nimemjengea mgumba mwenzangu nyumba. Nikayaacha mabati, na chipukizi likakua, likanipita kimo, likaupita mlango.

Mwaka huu mwanzoni ukoo ulituma neno kwamba msimu wa pimento ukiisha nihame, nikakae Kingston kwa binamu yetu, kwenye chumba cha nyuma. Shamba lipumzike, walisema. Hopeton ndiye aliyeliomba hilo. Ningeiacha nyumba niliyowauguzia wazazi wangu mpaka nikawazika, na Stony Hollow ingenikumbuka kama mchawi aliyefukuzwa. Nikaanza kugawa sufuria.

Mwezi wa saba, asubuhi, Mzee Burrell aliingia uani kwangu akiwa amembana jogoo mweupe kwapani. Nyuma yake alikuja Bi Orintha, akasimama langoni. Hakuingia. Alikuja kuona.

"Verona," Mzee Burrell akaanza, "mimi na wewe hatujagombana."

"Hatujagombana, mzee."

"Kaburi la baba yako nilichimba mimi."

"Ulichimba, na tulikushukuru."

"Basi niondolee."

"Nikuondolee nini?"

"Hicho ulichokiweka shambani kwangu. Maua yamepukutika yote. Sina hata punje ya kutia kwenye supu."

Bi Orintha akacheka kule langoni. "Astley, jogoo peke yake hatoshi. Na rum umeleta? Wachawi wa siku zile walikuwa hawaanzi kazi wakiwa na kiu."

"Nyamaza, Orintha. Hili ni jambo zito."

Nilitaka kumfukuza. Lakini nilimwangalia yule mzee na viatu vyake vya kanisani alivyovivaa kuja kwangu, nikaona ananiogopa kwelikweli, na jambo moja halikunikaa sawa. Kwa Hopeton nilikuwa na hasira, na maneno niliyasema. Kwa huyu sikuwa na hasira wala neno.

"Mzee," nikamuuliza, "na wewe uliwauzia kuni wale wachoma nyama?"

"Niliwauzia mwaka huu, kabla ya maua. Hopeton ndiye aliyeniunganisha nao. Lakini dume tu, Verona. Inayozaa sikuigusa hata mmoja."

Bi Orintha akalisukuma lango akaingia. Alikuwa hajaingia tangu Jumapili ile. Akapita kando yangu mpaka nyuma ya jiko, akainua macho.

"Vero. Miti hii imezaa."

Ilikuwa imezaa. Mipimento iliyo karibu na jiko ilikuwa na vishada vya kijani mpaka matawi yanainama. Nilikuwa nimeviona, na sikumwambia mtu, kwa kuogopa wangesema mchawi amejizalishia mwenyewe.

"Ya bondeni je?"

"Haina kitu."

"Kwa hiyo umeroga bonde lote ukasahau jikoni kwako." Akachungulia ndani ya mabati. "Na huu ndio ule wa kitovu?"

"Ndio huo, umechipua."

"Ulichanua?"

"Mwaka huu, mara ya kwanza. Nyuki walijaa mpaka nikawa nazunguka mbali kwenda chooni. Wanatoka humo wanaingia kwenye hiyo mingine."

Bi Orintha akatia mikono kiunoni, akamgeukia Mzee Burrell.

"Astley, huyo jogoo. Nyumbani umebakiza majogoo wangapi?"

"Ni huyu tu."

"Ukimwacha hapa kwa Verona, vifaranga utavipata kwa nani?"

Mzee Burrell akamtazama jogoo. Akautazama mti wangu, kisha miti iliyouzunguka, kisha akatazama upande wa shamba lake. Taratibu sana akambana jogoo zaidi kwapani, akamshika kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo si dawa," akasema.

"Ni msumeno," akasema Bi Orintha. "Msumeno na vichwa vyenu viwili, wewe na Hopeton. Mmewachinja waume wote, halafu mnawauliza wajane kwa nini hawana mimba."

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko. Watu hudhani nilifurahi kwa kuwa nimesafishwa jina. Hilo lilikuja baadaye. Pale kizingitini nilichokifurahia ni kwamba ulimi wangu ulikuwa ulimi tu. Nilikuwa nimesema neno la hasira na limekwenda na upepo kama maneno ya watu wengine. Nikamwita kuku mmoja mpumbavu, kwa sauti, nikapumua.

Bi Orintha alikaa karibu yangu. "Kile kitawi," akasema, "sikupaswa kukichukua."

"Hukupaswa."

"Ndoo unayo?"

"Ninayo."

"Basi kesho tutakuja."

Wakaja kweli, wanawake wote wa banda, na magunia, na shelisheli ya kuchoma na samaki wa chumvi. Wanaume wakapanda. Ilikuwa miti michache tu na kazi iliisha upesi, lakini tulikaa mpaka jua likazama kwa sababu maneno ya miaka yote yalikuwa yamenipita na ilibidi nisimuliwe. Nilichambua mpaka mmoja akasema, "Taratibu, Vero, utatuaibisha," na wengine wakaitikia kwamba afadhali waaibishwe kuliko kumsikiliza Orintha akiimba. Usiku ule nililala kama nimepigwa.

Ukoo ulipopata habari ukatuma neno jingine: nibaki. Sufuria zimerudishwa moja moja, nyingine zimeungua. Pale bondeni yamechipua machipukizi kwenye visiki vya zamani, na Mzee Burrell anafukuza mbuzi mwenyewe kwa fimbo.

Hopeton alikuja wiki ile, akaleta shelisheli kutoka kwenye mti wake, akakaa jikoni kwangu kama mtu asiye na jambo.

"Yale ya Kingston yaache," akasema. "Yamekwisha."

"Kanisani utasimama lini?"

"Vero, watu wote wameshajua."

"Walijuaje kwamba mimi mchawi? Si uliwaambia? Sasa waambie."

"Nitaonekana mjinga."

"Utaonekana ulivyo."

Akaila shelisheli yake mwenyewe, nusu nzima, akaondoka. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani amevaa ile suti, akaimba nyimbo zote, na wakati wa ushuhuda akatazama sakafu. Mchungaji akatazama saa.

Simchukii. Usingizi wangu umerudi, mahali pangu bandani ninapo, na nyumba ya wazazi wangu naifagia asubuhi bila kufikiria nani ataifagia baada yangu. Lakini deni halijafutika. Hopeton Clunis ananidai nini sijui. Mimi namdai asimame mbele ya watu walewale aseme kwamba aliikata miti ya ukoo bila kuuliza, kwamba ndiyo sababu haikuzaa, na kwamba dada yake si mchawi. Na mchungaji namdai aniite mbele mara ya pili, bila mafuta, aniombe radhi watu wakisikia.