Mume Wangu Aliporudi Gikomba

Tulihama Umoja, mtaa wetu wa Nairobi, Jumapili asubuhi, majirani wengi wakiwa kanisani. Siku hiyo niliichagua mimi, kwa sababu sikutaka kuagwa. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi tena kabla hatujazoea ile nyongeza ya kwanza, na maji bado tulikuwa tunanunua kwa mitungi. Binti yetu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza shule, alilala sakafuni kati ya kabati na kitanda chetu, maana mdogo wake alikuwa amezaliwa na kumnyang'anya nafasi. Kila nilipoamka kumnyonyesha mdogo, ilinibidi nimruke dada yake. Mama mkwe aliwahi kuniambia mtoto akirukwa hakui. Sikuamini, lakini nilianza kumpima ukutani.

Nakuru lilikuwa wazo langu. Dada yangu ameolewa huko, na nilipomtembelea niliona watoto wake wakicheza nje bila mtu kuwachungulia dirishani kila dakika. Nilirudi na wazo hilo nikalisema mezani, nikalisema tukifua, nikalisema mpaka mume wangu akachoka kulisikia.

"Sawa," akasema siku moja. "Mbao ni mbao. Hata Nakuru watu wanalala vitandani."

Yeye ni seremala. Alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, na kazi alijifunzia sokoni Gikomba tangu alipomaliza shule. Hakuwahi kuishi mji mwingine. Nyumbani kwao magharibi alikuwa akienda kuzika tu, kisha anarudi. Nilijua hayo yote. Nilidhani kwa kuwa amesema sawa, basi ni sawa.

Nyumba tuliyopata ilikuwa na vyumba viwili na jikoni yake. Uani palikuwa na nafasi ya kuanika nguo na kupanda sukuma wiki. Mume wangu alipanga vyombo vyake barazani, akamtengenezea binti yetu kitanda, kazi yake ya kwanza katika mji ule. Kilikuwa kitanda kizuri, chenye ua lililochongwa kichwani. Mtoto akakilalia kimshazari, miguu huku na mikono kule, kama mtu aliyenunua shamba.

Mimi ndiye nilikuwa situlii. Nilihamisha kochi kutoka ukuta huu kwenda ule, kesho yake nikalirudisha. Nilifagia uwanja nikimaliza nafagia tena. Umoja nilikuwa nikifungua mlango tu nasalimiwa na watu watatu kabla sijavaa viatu. Huku jirani yetu alikuwa mama mmoja mtaratibu aliyenipungia mkono kutoka mbali, akaingia ndani kwake akafunga. Lakini ningesema nini? Nilikuwa nimetuhamisha sote wanne kwa mdomo wangu. Kwa hiyo nikawa nacheka. Kila mume wangu alipotoka barazani alinikuta nacheka na watoto.

Kisha akaanza safari za Nairobi.

"Naenda kuchukua bawaba," aliniambia mara ya kwanza. "Za huku zinalegea haraka."

Alirudi jioni hiyo hiyo. Mara ya pili akalala. Mara ya tatu akakaa karibu wiki nzima, na nikimpigia simu naambiwa hapatikani, au anapokea kwa haraka, nyuma yake kuna kelele nyingi, anasema, "Nitakupigia." Aliporudi nilifungua mkoba wake nifue nguo. Bawaba hazikuwemo. Hata msumari mmoja.

Nilimwambia dada yangu. Alikuwa anakata kabichi, na kisu hakikusimama.

"Mwanamume hakai Nairobi wiki nzima kwa sababu ya bawaba," akasema. "Wewe unajua, ila hutaki kujua."

Alipoondoka tena, nilingoja siku mbili. Siku ya tatu nikamwachia dada yangu binti, nikamfunga mdogo mgongoni, nikaenda. Sikumwambia mtu mwingine. Njiani nilikuwa nikimtengeneza yule mwanamke kichwani: mara ni mwuza chakula, mara ni msichana wa saluni, mara ni mtu ninayemjua. Nilipofika Nairobi nilikuwa nimeshampa sura, sauti na hata nguo, na nilikuwa nimeshagombana naye mara kadhaa.

Nilianzia Makongeni kwa mama mkwe. Nilimkuta nje akifua, beseni mbele yake, mikono imejaa povu. Hakushtuka kuniona.

"Hata simu hukupiga," akasema.

"Shikamoo, mama. Baba watoto yuko hapa?"

"Marahaba. Hulala hapa. Asubuhi anakunywa chai, anatoka."

"Anatoka kwenda wapi?"

Akakamua shati, akaliweka begani, ndipo akanitazama vizuri. Akamtazama na mtoto mgongoni.

"Mwanangu, umekuja kutafuta mwanamke?"

Nikamkaza mtoto mgongoni.

"Basi nenda ukamwone. Yuko Gikomba, pale pale pa siku zote. Ana kelele nyingi huyo mwanamke, utamsikia kabla hujafika."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akanipa chai niinywe nikiwa nimesimama, kwa kuwa aliona siwezi kukaa.

Gikomba niliifahamu, ila siku ile ilikuwa kama ninaingia kwa mara ya kwanza. Wanawake walikuwa wamesimama juu ya marundo ya mitumba wakitaja bei kama wanaoimba. Mikokoteni ilikuja kwa mbio. "Kando, mathe! Kando!" Nikaruka tope, nikamshika mtoto matako asitikisike. Nilipofika upande wa maseremala, vumbi la mbao liliniingia puani, na katikati ya milio ya nyundo nikasikia kicheko cha mume wangu.

Nikasimama. Sikuwa nimekisikia tangu tuhame.

Alikuwa ameinama juu ya ubao mrefu, randa mkononi, shati amelifunga kiunoni. Nafasi ile haikuwa yake tena; alikuwa amemwachia rafiki yake tulipoondoka. Ubao aliokuwa akiulainisha ulikuwa wa kitanda alichoagizwa yule rafiki. Alikuwa anasimulia jambo huku anapiga randa, na maseremala wa pande zote wanamrushia maneno, wanamchokoza, anawajibu bila kuinua kichwa.

Rafiki yake ndiye aliyeniona.

"Niaje shemeji! Oya, mama watoto huyu hapa!"

Mume wangu akainua uso. Randa ikabaki katikati ya ubao.

"Kuna nini? Watoto wako sawa?"

"Wako sawa," nikasema. "Bawaba umepata?"

Wawili watatu wakacheka. Kisha wakaniona uso, wakarudi kwenye kazi zao.

Alikuja akamtoa mtoto mgongoni mwangu na mikono yake ya vumbi, akambeba, tukatoka. Tulitembea mpaka Burma, kwenye vibanda vya nyama choma. Akaagiza nyama, tukakaa kwenye benchi la kona, mtoto anapiga meza kwa kijiko.

"Wanakulipa?" nikamwuliza.

"Wananipa chai. Na chakula cha mchana."

"Kwa hiyo unamfanyia mtu kazi ya bure, unaniacha mimi nafikiria mambo."

"Mambo gani?"

Nikamtazama tu. Akaelewa, akaweka mkono kichwani.

"Hapana," akasema. "Hapana, jamani. Si hivyo."

"Basi ni vipi?"

Nyama ikaletwa. Akamkatia mtoto kipande kidogo, akakipuliza.

"Kule nikipiga nyundo, inalia peke yake," akasema. "Inalia, halafu kimya. Mpaka naona haya kupiga tena. Mteja akija ananiuliza, fundi yuko wapi? Namwambia ni mimi. Anaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine. Hapa nikikosea kipimo, soko zima linanicheka. Nikipata kazi kubwa tunaishika wote. Sijui kufanya kazi nikiwa peke yangu. Sikujua kama sijui."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa umefurahi."

"Nani alikwambia nimefurahi?"

Akanikazia macho. Ndipo nikamwambia: habari za kochi, za kufagia mara mbili, za yule jirani na mlango wake. Nilimwambia kuna siku nilisimama getini saa nzima nikingoja mtu yeyote apite, hata mwuza mayai, ili niseme naye. Alianza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka mtoto akaacha kijiko akatutazama.

Alipomaliza kucheka akasema, "Basi turudi. Kodi tutaipata, kama tulivyokuwa tukiipata."

Sitasema kwamba sikutamani. Kupitia mlango wa kibanda nilikuwa nasikia Eastlands yote, mitaa yetu ya zamani, ikipita: honi, redio, watu wanaitana kwa majina ya utani. Nilifungua mdomo niseme twende. Badala yake nikamwona binti yangu amelala kimshazari.

"Kile kitanda hakiingii Umoja," nikasema.

Yeye ndiye aliyekitengeneza. Alijua vipimo kuliko mimi.

"Hakiingii," akakubali.

Tulirudi Gikomba ili aage. Rafiki yake akatuuliza Nakuru kukoje, na mume wangu, badala ya kusifia au kulalamika, akamwambia, "Njoo ujionee. Njoo tushike kazi wawili." Nilidhani ni mzaha. Baada ya muda usio mrefu yule rafiki aliteremka kwetu na mfuko wa vyombo begani. Waliacha baraza, wakakodi kibanda kando ya barabara, nyuma ya wachomelea vyuma, mahali penye kelele mbaya sana. Mume wangu alirudi siku ya kwanza masikio yanamvuma, akala sahani mbili.

Rafiki hakudumu. Baridi ya asubuhi ilimshinda, na nadhani aliikosa Gikomba vile vile kama mume wangu alivyoikosa. Alipoondoka niliogopa. Lakini kufikia wakati huo wale wachomelea vyuma walikuwa wameshampa mume wangu jina la utani, na asipofika mapema wanampigia simu kumwuliza kama amekufa. Safari za bawaba zikapungua. Siku hizi akienda Nairobi anaenda kumwona mama yake, na anarudi kesho yake.

Mama mkwe alikuja kututembelea mara moja. Alikagua nyumba yote, akasema choo ni safi na watu hawana maneno, na kwa namna alivyolisema hilo la pili nikajua hatakaa. Tulimsihi abaki hata mwezi. Akasema kule Makongeni nani atamfulia nguo, ilhali hufua mwenyewe.

Mimi bado sijazoea. Kuna asubuhi naamka nikiwa tayari nimekasirika, sijui na nani. Nimeanza kuuza nguo za watoto hapa mtaani, na yule jirani wa kunipungia mkono ndiye mteja wangu mkubwa, lakini naongea naye nikipima maneno, kama mgeni mbele ya wakwe.

Wiki iliyopita binti yetu alitoka shule na wenzake wawili. Nilikuwa naanika nguo. Nikawaita kama tulivyozoea kuitana Umoja, "Sasa, wasee wangu! Mambo iko aje?" Wale wenzake wakatazamana. Binti yangu akanisogelea akanivuta kitenge, akaninong'oneza ili wasisikie.

"Mama, huku hatusemi hivyo."

Kisha akawapeleka uani, wakaanza kucheza. Mimi nikabaki na shati bichi mkononi, linanidondokea miguuni.