Katekista Aliyeficha Upepo

Telesphor Lyamba, katekista wa Majengo pale Mpanda, hakuwahi kutamka neno chafu. Hata choo chake alikiita "kule nyuma". Kwa hiyo mkojo wake ulipoanza kutoka na damu alinyamaza, akijiambia ni kichocho cha utotoni, cha kwenye majaruba ya mpunga kule Mpimbwe. Mkewe Hilaria ndiye aliyeyaona mashuka, akampandisha treni mpaka hospitali kubwa Mwanza.

Kumbe ni kansa ya kibofu. Daktari akawaambia kibofu kitatolewa, na kipande cha utumbo kitafanywa njia mpya, mkojo utokee tumboni uingie kwenye mfuko.

"Mtu anaishi bila kibofu?" Hilaria akauliza.

"Anaishi, mama. Akibaki nacho ndiyo hataishi."

Sista Prisila, muuguzi wa wodi, akamnyang'anya mzee kiko chake. Akamfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto, kisha akamnyima chakula na kumsafisha tumbo kwa maji ya sabuni yaliyoingizwa kwa nyuma. Telesphor alifumba macho, akasali rozari kwa sauti mpaka shughuli ikaisha.

Operesheni ilikwenda salama. Taabu ilianza baadaye. Utumbo ukishakatwa na kushonwa hulala kwanza, na mgonjwa hapewi chakula mpaka uamke. Dalili ya kuamka ni moja tu.

"Katekista, umejamba?" Sista Prisila alimuuliza kila asubuhi, wodi nzima ikisikia.

"Sista, jamani!"

"Umejamba, hujajamba?"

"Bado."

Uji ukarudishwa jikoni. Hilaria akamtembeza barazani, huku na huko. Bado. Mwishowe daktari akakunja uso, akasema huenda wakalifungua tumbo tena.

Hapo Kashinje, mfugaji wa Kisukuma aliyelala kitanda cha pili, akashindwa kuvumilia.

"Daktari, huyu mzee anaongopa! Tangu juzi anajamba. Ananisubiri nikohoe, ndiyo anaachia. Jana nimekohoa makusudi, kumsaidia!"

Hilaria akamgeukia mumewe. "Baba Marsela, ni kweli?"

Telesphor alikwishajifunika shuka gubigubi. "Ni kweli," ikasikika sauti kutoka ndani. "Mungu anisamehe."

Wodi ikalipuka kwa makofi. Uji ukaletwa mbio, mwepesi, naye akaunywa huku machozi yanamtoka. Kama ni ya aibu au ya njaa, hakuna aliyejua.

Hilaria alifundishwa kubadilisha mfuko na kutunza ngozi, kisha wakaruhusiwa. Treni ya kurudi Mpanda ilijaa hata chooni hakufikiki. Wanaume walikuwa wakiruka magunia, wakikanyaga watu na kuomba radhi. Telesphor ametulia dirishani, mfuko chini ya koti.

"Mzee, wewe hubanwi?" akauliza abiria mmoja, jasho linamtoka.

"Mwanangu," akajibu katekista kwa upole, "mimi mambo hayo nilishaachana nayo."