Mshale Uliochukua Kazi ya Mama Mkwe

Gemu la kwanza tulilicheza wawili, ingawa lilitengenezwa kwa mtu mmoja. Mimi nilishika pedi ya kuchezea, mama mkwe akashika ungo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeolewa Unyambwa, na mume wangu, ambaye anafanya kazi Nduguti na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alikuwa ameniachia mashine yake ya gemu nisije nikafa kwa upweke. Mtu wa kuongea naye mchana kutwa alikuwa mmoja tu, mama yake, na maongezi yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, chumvi iko wapi. Nilimwogopa, sina sababu ya kuficha.

Gemu lenyewe lilihusu kiumbe mdogo mwenye masikio marefu, anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe kwenye bonde lililojaa mapango. Hakuna aliyekuambia uende wapi. Ulikuta mlango umefungwa, ukaenda zako, na ukija kupata ufunguo huko mbali, ilibidi ukumbuke mlango uliuacha wapi. Mimi sikumbuki kitu. Siku moja nilikizunguka kisima kilekile mpaka nikatamani kulia, ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Rudi kule kwenye mti mkavu. Kushoto kulikuwa na tundu."

Kumbe mama, pale alipokaa akichambua mlenda, alikuwa anatazama. Alikulia Ikungi akichunga mbuzi wa baba yake, na lile bonde alilichukua kama malisho mengine tu. Tangu hapo akawa kiongozi wa safari. Alikosea mara nyingi, tena kwa uhakika kabisa, na tukitumbukia kwenye miiba alisema ni mimi niliyechelewa kuruka. Kila nyumba tuliyofika alitaka nisimame mlangoni mpaka yeye apige hodi. Nikiokota sarafu ndani ya nyumba ya watu, aliniuliza nimelelewa wapi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Humohumo, kati ya pango na pango, akaanza kunisimulia ujana wake, nami nikaacha kumwogopa.

Kwa hiyo mume wangu alipoleta gemu la pili, mwendelezo wa lile la kwanza, tulilipokea kama mgeni. Nilipika mapema ili tupate nafasi.

Niseme haki, zuri ni zuri. Mvua ikinyesha unaona matone yakiteleza kwenye yale masikio. Kuruka kumelainishwa. Gemu la kwanza lilikuwa na uonevu, ukianguka lilikurudisha mwanzo kabisa. Hili linakurudisha palepale ulipoteleza. Muziki wake nao, hata nikitaka kuusema vibaya nitakuwa muongo.

Tatizo ni mshale. Juu ya kioo kuna mshale wa njano unaokuelekeza pa kwenda muda wote, hata kama hujauuliza. Ramani imejazwa alama mpaka bonde halionekani. Viumbe wa humo sasa wamejifunza kuongea na hawanyamazi, kila mmoja anakueleza jambo uliloliona mwenyewe. Ukichoka kutembea unabonyeza kitufe, ukatokea upande wa pili bila hodi wala kuaga. Bonde limekuwa kubwa kupita lile la zamani, lakini nililivuka bila kulifahamu.

Mama alijitahidi kukaa nami. Akisema kushoto, mshale ulikuwa umeshasema kulia, na mshale haukosei. Hata kubishana nao huwezi. Jioni moja alibeba ungo wake akahamia jikoni.

"Mama, huji?" nikamwita.

"Nije kufanya nini? Kazi yangu mmempa mshale."

Alisema kwa utani, ila hakurudi. Niliendelea peke yangu, haraka na bila raha, na pole pole tukarudi kwenye habari za chumvi. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Gemu ningepata jingine, lakini yule rafiki nilikuwa nimempata kwa shida.

Halafu nikafika kwenye pango moja ambalo mshale ulitaka nipite tu. Ndani kulikuwa na kisima. Kilikuwa kisima chetu cha gemu la kwanza, kimeota nyasi pembeni, na wimbo wake wa zamani ukipigwa taratibu. Mama akatokea mlangoni na mwiko unaodondosha uji.

"Hapo si kwetu hapo?"

Akautazama mshale kwa jicho alilonitazama nalo siku niliyounguza maharage. "Na huyu, hafukuziki?"

Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapekua, kumbe unazimika, na alama za ramani pia. Nikazima vyote. Mama akavuta kigoda.

"Kushoto," akasema. "Kwenye mti mkavu."

Mti ulishaanguka. Tukatumbukia shimoni, na akasema nimechelewa kuruka.

Mume wangu aliporudi alitukuta bado tuko humo shimoni, hatujui juu wala chini. Yeye alikuwa ameshalimaliza lote kwa rafiki yake huko Nduguti.

"Bado mko hapo tu? Lete niwaonyeshe njia," akasema, akanyoosha mkono kuchukua pedi.

Mama akauzuia ule mkono kwa ungo.

"Kaoge ule, baba. Mimi na mwenzangu bado tumepotea."