Kilio Kilichowekwa Juu ya Mgongo Wangu

Baba yangu alikuwa akivaa koti kutazama runinga. Si kila kipindi. Taarifa ya habari aliitazama na fulana yake iliyotoboka kwapani. Lakini Jumapili alasiri, kipindi cha utamaduni kilipoanza kwenye stesheni ya taifa, aliinuka, akatoa koti msumarini, akafunga vifungo vyote, ndipo akaketi. Ukimcheka alikujibu, "Hao ni wageni. Wameingia nyumbani kwangu."

Kwetu ni karibu na Magunga. Stesheni nyingine zilikuja na kupotea, ile ya taifa ikabaki, na kupitia kwake baba aliijua nchi asiyowahi kuitembea. Alijua ngoma za Wakuria kuliko alivyowajua Wakuria wenyewe aliokutana nao sokoni. Aliwakosoa wapigaji wa pwani kwamba wana haraka, kama watu waliosikia mvua inakuja. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji wa orutu, zeze letu la uzi mmoja, na hakuna aliyepiga orutu bila kasoro ila yeye.

Mtayarishaji wa kipindi hicho, mama mmoja mpole kutoka Nairobi, aliwahi kumsikia akipiga kwenye sherehe Homa Bay. Akamwahidi kwamba watakuja kumrekodi nyumbani kwake. Baba akangoja. Ahadi ni deni, na kusema kweli walilipa, ila walifika mwenye kudai akiwa ndani ya jeneza. Mama akawaruhusu wapige picha za mazishi. Alisema mzee aliwangoja sana, si vizuri warudi mikono mitupu.

Habari za kifo nilizipata dukani kwangu mjini Migori, ninakouza chakula cha kuku. Nilikuwa napima. Nilipokata simu niliendelea kupima, nikafunga mfuko, nikamkumbusha mteja abadilishe maji ya vifaranga. Kisha nikaketi kungoja uchungu. Haukuja. Nilimpenda baba yangu, hilo sina haja ya kulitetea, lakini ndani yangu palikuwa kimya tu, kama nyumba ambayo watu wote wamekwenda shambani.

Siku ya mazishi nilifika karibu saa sita. Mwili ulikuwa umeshaletwa asubuhi kutoka mochari. Kwetu binti haingii tu kwenye matanga ya baba yake. Anaanza kulia akiwa mbali, anaingia langoni mbio, mikono kichwani, akimwita marehemu na kumsifu, na wanawake wanamfuata. Watu hupima hapo. Nilishuka kwenye gari, nikachukua mkoba wangu, nikaingia langoni kwa mguu, polepole, kama mtu aliyetumwa kuulizia bei ya maziwa.

Kijana wa kamera alikuwa langoni. Alinifuata.

"Madam, pole sana. Unaweza rudi nje kidogo halafu uingie tena? Nilikuwa sijakaa poa."

Nilirudi. Sijui kwa nini. Siku hiyo mtu angeniambia nipande mti ningepanda. Nilisimama nje ya ua wa miti, na shangazi yangu, dada wa baba, akanijia akaninong'oneza, "Lia, nyathina, mwanangu. Lia, watu wanaangalia." Nikaingia mara ya pili kama nilivyoingia mara ya kwanza. Kijana alishusha kamera, akatazama chini. Nilipoinua macho nikamwona mama amesimama mlangoni mwa nyumba yake. Ameniona mara zote mbili.

Alasiri wanaume waliswaga ng'ombe na kukimbia nao uwanjani, wakipiga kelele kufukuza kifo, na kamera ikakimbia nao. Nilitazama hayo nikiwa nimekaa juu ya gunia. Nilikula wali. Ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Maneno yalianza kabla sijarudi Migori. Binti wa mpiga orutu ameingia kavu. Lazima kulikuwa na jambo kati yake na mzee. Kwani mtoto hukauka bure? Mimi hayakuniuma, maana hakuna kilichokuwa kikiniuma. Aliyeumia ni mama, anayeishi pale, anayekwenda kanisani kila Sabato na kukaa benchi moja na hao wanaosema. Alinipigia simu mara moja tu kuhusu jambo hilo. "Wananiuliza kama ulikosana na baba yako. Niwajibu nini?" Nikasema sijui. Akakata. Baada ya hapo simu zake zikawa za salamu tupu, na hapo nikaogopa, maana mama yangu si mtu wa salamu tupu.

Kisha kipindi kikatoka. Nilikitazama dukani, mimi na jirani yangu kinyozi. Alionekana baba kwenye picha yake ukutani, wakaonekana ng'ombe na vumbi, mtayarishaji akaeleza vizuri mambo ya orutu. Halafu nikajiona. Mgongo wangu, leso yangu, mkoba wangu, naingia langoni. Na juu ya mgongo huo kuna kilio. Sauti ya mwanamke, ndefu, iliyopasuka katikati, ikimwita baba kwa majina yake yote ya sifa. Uso wangu hauonekani. Kinyozi alizima mashine yake akaniambia, "Pole, dada. Ulimlilia mzee."

Simu zikafuata, kutoka Kendu Bay, kutoka Macalder, kwa watu ambao hawakufika. Walilia pamoja nami, walisema. Hao sikuwashangaa. Niliwashangaa waliokuwa pale langoni, walioniona kwa macho yao nikipita kavu, ambao sasa walikumbuka nilivyolia. Runinga ya taifa imeonyesha. Macho ya mtu ni nini? Hata shangazi alinisifu. Nilidhani sauti ni ya binamu yangu mmoja anayejulikana kwa kulia vizuri, na nikamshukuru kimoyomoyo. Mama hakupiga.

Miezi ilipita, akaja Migori kliniki ya macho, akalala kwangu. Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu na stesheni ikarudia kipindi. Nilitaka kubadilisha. Akasema acha. Tulikaa, yeye na chai yake na andazi, hadi mgongo wangu ukaingia langoni na kilio kikapanda.

"Unajua hiyo sauti ni ya nani?" akaniuliza kwa Kijaluo.

"Si yangu, mama. Nadhani ni ya binamu."

"Ni yangu."

Nilimgeukia. Alikuwa akitazama runinga.

"Nililia gari la mochari lilipoingia. Wewe hujafika. Nililia mara hiyo moja, nikamaliza."

Miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kumsikia mama akilia, ndiyo maana sikumtambua. Nilimwambia basi nitawaeleza watu ukweli, kilio kimrudie mwenyewe.

"Usiwaeleze chochote," akasema. "Nilipoona wamekiweka juu yako nilifurahi. Nilikasirika kidogo, halafu nikafurahi. Siku yako ikija utalia chako. Isipokuja, baba yako ameshaliliwa, na wewe wameacha kukusema."

Sikulia hata hapo. Nilimshika mkono. Ulikuwa na mafuta ya andazi, na hakuutoa, wala mimi sikuutoa wangu, hadi kipindi kikaisha na matangazo ya mbolea yakaanza.