Chaki Nyekundu Mgongoni mwa Furaha

Uvumilivu wangu ulikatika nikiwa uani nachambua mchicha. Furaha, mwanangu wa darasa la tatu, aliingia kutoka shule akiambaa ukuta kama kaa, mgongo kaugandamiza kwenye matofali. Nikamwambia geuka. Hakutaka. Nikamgeuza mwenyewe. Juu ya shati jeupe nililolipiga pasi asubuhi ile, mwalimu wake alikuwa amemchora alama ya kosa kwa chaki nyekundu, vijiti viwili vilivyopishana, kubwa toka begani hadi kiunoni.

"Tusiosoma tuisheni ndio tumechorwa," akasema. "Mwalimu kasema somo la kugawanya atalimalizia hukohuko tuisheni. Sisi tukae nyuma tunyamaze. Wenzetu wakatucheka."

Nikamvua lile shati kwa hasira. Vumbi la chaki likapanda puani, na papo hapo, jamani, baba yangu akawa amesimama pale uani. Maana harufu ile ndiyo ilikuwa harufu yake. Wanaume wengine walinukia samaki au sigara, yeye alinukia chaki na mafuta ya nazi.

Baba alikuwa Mwalimu Nangomwa. Alifundisha hapa Lindi miaka mingi kabla sijazaliwa, na mimi nilipoanza kupata akili ilikuwa enzi za ruksa. Mnakumbuka enzi zile. Madukani vilirudi vitu ambavyo watoto tulikuwa hatujawahi kuviona, sabuni za kunukia na redio za kaseti, mitumba ikamwagwa chini sokoni kama mahindi. Shuleni ndiko hakukurudi kitu. Ubao baba aliupaka mwenyewe kwa unga wa betri mbovu uliochanganywa na majani yaliyopondwa, na chaki zilipokwisha aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu. Jumatatu moja panya walimla muhogo wake, akaingia darasani akasema, "Leo panya wamekula hesabu, kwa hiyo tutasoma historia."

Yeye alikuwa Mmwera wa bara, mtu wa mashamba. Uchungaji ulimjia ukubwani. Alianza kusoma Biblia na Wabaptisti wakati wa likizo, akaenda kozi, akarudi, wakamwekea mikono. Kanisa lilikuwa banda la makuti hapa mtaani kwetu Mtanda, lenye mabenchi ya miguu mitatu na nusu. Lakini ualimu haukumtoka. Alihubiri kama anayefundisha. Jumapili alianza kwa maswali ya mahubiri ya Jumapili iliyopita, na mzee mzima aliyesahau alisimama hadi akumbuke. Akimaliza hoja aliuliza, "Tumeelewana?" na kanisa zima likajibu, "Ndiyo, mwalimuuu!" Mama alijifunika uso kwa kanga kwa aibu. Mimi nilijiona binti wa mfalme.

Sasa, Wabaptisti hawanyunyizi maji. Mtu anazamishwa mzima mzima. Ubatizo wa kwanza wa baba ilibidi ufanyike baharini, na baba, pamoja na miaka yote ya Lindi, bahari hakuijua. Alichofanya ni kile ambacho mwalimu wa bara angefanya. Jumapili moja saa nne asubuhi alikwenda ufukweni akakuta maji yamejaa, kimya, mazuri. Akaandika kwenye ratiba: Jumapili ijayo, saa nne, ubatizo. Kwake saa nne ilikuwa saa nne.

Jumapili ikafika. Tukaandamana tukiimba, wabatizwa wamevaa mashuka meupe. Tulipotokea ufukweni, hapakuwa na bahari! Ilikuwa matope na majani yanayonuka chumvi, hadi kule mbali unakoona kamstari ka maji. Wimbo ukafa midomoni. Watu wa pwani waliokuwa wamekaa wakaanza kucheka, na mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, leo bahari imetoroka shule!"

"Nitamwita mzazi wake," baba akajibu, na yeye akacheka hadi akashika mbavu.

Kutoka kwenye matope akaja Bi Mwanaidi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kanga kaipandisha magotini, mkononi fimbo ya kuchokolea pweza. Alikuwa Mwislamu wa hapahapa, wa babu na babu.

"Mwalimu, nani kakudanganya? Hii bamvua! Maji yameenda mbali na hayarudi mpaka alasiri. Na Jumapili ijayo yatafanya vingine."

"Yana ratiba yao?"

"Yana mwezi wao. Siku nyingine uliza watu."

Tukangoja. Bi Mwanaidi akatuma muhogo wa kuchemsha na pweza wa kuchoma, Wakristo tukala sadaka ya Mwislamu tukiwa na mashuka ya ubatizo. Maji yaliporudi, watoto wote wa mtaa tukajitosa kama kawaida yetu, mimi na Zuhura binti yake tumeshikana mikono, huku pembeni baba akiwazamisha watu wazima mmoja mmoja. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata kuishi na baba. Baada ya hapo hakupanga ubatizo bila kwenda kwanza kugonga mlango wa Bi Mwanaidi kuuliza habari za maji.

Na Bi Mwanaidi akamletea watoto. Wakati ule tuisheni ndiyo ilikuwa imeanza kushika kasi. Mishahara ilichelewa, sikatai, na walimu nao wana matumbo. Wakawa wanafundisha nusu darasani na nusu nyumbani kwao kwa malipo. Baba alikataa. Watoto wakitoka madrasa, kabla jua halijazama, aliwakusanya wote kwenye banda la kanisa, wa msalaba na wa kofia, akawafundisha bure. Aliufunika msalaba kwa shuka ili mzazi yeyote asikwazike. Zuhura alijifunza kugawanya pale. Mimi pia.

Halafu siku moja wakaja watu wa ofisi ya elimu. Kulikuwa na malalamiko ya maandishi, hayana jina chini, yamesainiwa tu "Wazazi wenye uchungu." Yalidai kwamba Mwalimu Nangomwa anawavuta watoto wa Kiislamu kwa hesabu, na kwamba ameonekana akiwazamisha baharini. Zile mbizi zetu za siku ile! Baba aliitwa ofisini. Mama alimngoja mlangoni, na aliporudi akamuuliza, "Umewajibu nini?"

"Nimewaambia Mungu anajua."

"Basi?"

"Basi."

Wakamhamishia Milola, shule nyingine kule bara, peke yake, sisi tukabaki mjini. Banda likafungwa jioni. Mama alisimama uani akasema kwa sauti ya kupita ukuta, "Waswahili hawa! Unakula nao, kumbe wanakula wewe." Tangu siku hiyo hakumwamkia Bi Mwanaidi, na mimi nikakatazwa kucheza na Zuhura. Zuhura alikuja na kete zake akakaa kizingitini kwetu akingoja. Mama akamfungia mlango. Nilimsikia akizikusanya kete moja moja.

Baba alikuja kila alipopata lifti ya lori la mazao. Kila akija nguo zilikuwa zimemlegea zaidi. Masika ya mwaka uliofuata alishikwa homa, barabara ikakatika kwa mvua, na alipofika hospitali mjini alikuwa hatambui mtu. Mama anasema alikuwa akiuliza, "Tumeelewana?" na hakuna aliyejibu, maana wote walikuwa wanalia. Mimi sikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba ningekuwepo ningemjibu.

Msibani Bi Mwanaidi alikuja akakaa kwenye mkeka wa mwisho kabisa, karibu na jalala. Hakuna mtu aliyemkaribisha ndani. Nilimwona akilia kwa kwikwi, nikajiambia, analilia nini huyu?

Nilijua nilipojifungua Furaha. Bi Mwanaidi, mzee sasa, alikuja na kibuyu cha uji wa pilipili manga wa mzazi. Mama alimwona akaingia chumbani akafunga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ana masikio ya babu yake huyu." Akanimiminia uji. "Agnesi, sisi tulikwenda ofisini kwa ajili ya baba yako. Kinamama wa mtaa, na mwalimu wa madrasa mbele yetu. Tukawaambia, mnasema wazazi, wazazi ndio sisi, nani kati yetu kalalamika? Karani mmoja akaropoka kwamba karatasi imetoka shuleni hukohuko, kwa walimu wenzake. Watoto walikuwa wanaikimbia tuisheni yao."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Mlango ulikuwa umefungwa."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akatoka, macho mekundu, akasimama hajui aweke wapi mikono. Akasema, "Mwanaidi, karibu chai." Wakanywa pamoja.

Kwa miaka mingi niliamini baba aliuawa na chuki ya majirani. Sivyo. Majirani walimpenda. Aliuawa na watu wa chaki, wa kwake. Na nitasema jambo litakaloniletea lawama: aliuawa pia na unyamavu wake. Mtu aliyewasimamisha wazee kanisani mpaka wajibu, yeye alipoulizwa hakujibu. Utotoni nilidhani ule ni utakatifu. Leo nina mtoto, naona ulikuwa uchovu. Alikuwa amewafundisha wawili watatu kati ya wale walimu tangu wakiwa darasa la kwanza, na nadhani hakuweza kuyataja majina yao kwa kinywa chake. Namwelewa. Lakini mimi sikumfundisha mtu.

Basi mchicha nikauacha palepale. Nikachukua shati na kalamu, asubuhi yake nikapeleka barua hii:

"Kwa Afisa Elimu. Yah: Mwanafunzi kuchorwa mgongoni na kunyimwa somo.

Mwanangu Furaha, wa darasa la tatu, amechorwa chaki nyekundu kwenye shati na mwalimu wake wa hesabu kwa sababu hasomi tuisheni, na amezuiwa kusoma kugawanya. Shati nimeliambatanisha, sijalifua. Naomba mwalimu huyo afundishe somo lote darasani, kwa watoto wote, na amwombe radhi mwanangu mbele ya wenzake waliomcheka. Nitakuja kila asubuhi kuuliza majibu, na nitakaa barazani hadi niyapate. Msiseme malalamiko haya yametoka kwa wazazi. Semeni yametoka kwangu. Msomeeni mwalimu jina langu kwa sauti.

Ni mimi, Agnesi Nangomwa, wa Mtanda, mama yake Furaha."