Kijitabu Kilichotangaza Kifo cha Jirani Yetu

Katika Elisabethville ya miaka ile, baada ya vita vya pili vya Wazungu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa karatasi. Mapadri walikuwa na mashine yao ya kuchapa, wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa na yao, na kila upande ulitoa vijitabu vyembamba vya Kiswahili, vikagawiwa bure mlangoni baada ya ibada. Hawa waliandika kwamba Wakatoliki wanapigia sanamu magoti. Wale wakajibu kwamba mchungaji mwenye mke hawezi kumtumikia Mungu. Jumapili mchana watu wa mtaa wetu walikusanyika penye bomba la maji, aliyejua kusoma akawasomea wengine, na kila aya ilikuwa na washangiliaji wake.

Mume wangu alipanga herufi katika karakana ya Waprotestanti, na kidogo kidogo wakamwachia kuandika pia. Aliyemjibu kwa upande wa mapadri alikuwa katekista, jirani yetu. Wote wawili walitoka upande wa Kilwa, ile ya ziwani, si ya pwani. Mume wangu alikuwa wa ukoo wa Samaki, katekista wa ukoo wa Mamba, na kwetu koo hizo ni watani. Mtani anakutukana mbele za watu, nawe hukasiriki. Huingia jikoni kwako akafunua sufuria. Hutangaza kwamba umekufa nawe umesimama palepale. Na siku unapokufa kweli, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, maana ndugu zako wanalia na hawana nguvu.

Kwa hiyo vita vile, nyumbani kwetu, vilikuwa na sauti nyingine. Katekista alikuja mwenyewe na kijitabu kipya mkononi.

"Weye Samaki! Ulisoma ile nilikuandikia?"

"Nilisoma. Iko na harufu ya Mamba mupaka ku mwisho."

"Utakufa bila sakramenti. Bantu batakutupa mu muto Naviundu, kambale bakukule."

"Na weye nitakuzika mbele ya mvua. Nitachimba shimo mufupi, mukia ibakie inje."

Katekista akanigeukia mimi. "Bibi yangu, huyu akikufa unakuya kwangu. Leta bukari, tukule."

Nikaleta ugali, wakala sahani moja.

Mume wangu akayaweka maneno yale katika kijitabu kilichofuata. Baada ya hoja zake zote juu ya toharani, aliongeza mwishoni kwamba katekista wa mtaa wetu atazikwa kabla ya mvua, na mwandishi ndiye atakayechimba shimo. Alicheka peke yake alipokuwa akiandika. Mmisionari alipitia maandishi, hakuona kosa la mafundisho, akaruhusu. Penye bomba watu walicheka mpaka ndoo zikafurika. Mimi pia nilicheka.

Padri hakucheka. Alikipeleka kijitabu kwa administrata, Mzungu wa serikali, na polisi wakaja kumchukua mume wangu karakanani, mikono ingali na wino.

Aliyekwenda kumtetea ni katekista. Nilifuatana naye, nikasimama barazani chini ya dirisha lililokuwa wazi, nikasikia yote. Mkalimani alirudia maneno ya administrata kwa Kiswahili.

"Huyu aliandika kwamba atakuzika?"

"Ndiyo, Bwana. Ni mutani wangu."

"Yeye ni adui wa dini yako?"

"Ndiyo, Bwana. Lakini kunizika ni kazi yake."

"Nani alimpa kazi hiyo?"

"Bankambo, Bwana. Wazee ba zamani."

Administrata akaandika. Kisha akauliza wazee hao wanakutana wapi. Katekista akaangua kicheko, kwa kuwa wazee hao walikwisha kufa zamani, halafu nikasikia kicheko kinakatika. Akaanza upya: Samaki, Mamba, kaburi, matusi yasiyoudhi. Kila alipoeleza utani, ulizidi kufanana na njama. Mwishoni aliambiwa asiogope, serikali itamlinda. Alipotoka hakunitazama.

Nilikwenda kwa mmisionari. Alinipa kiti, akaomba pamoja nami, akasema misheni haiwezi kuingilia mambo ya serikali. Nilikwenda kwa padri. Alisema amefanya hivyo kwa kumpenda katekista wake, na nikaona kwamba alisema kweli. Basi nikakosa hata mtu wa kumchukia.

Mume wangu akahukumiwa kuondoka mjini, apelekwe kaskazini chini ya ulinzi. Mimi nilikatazwa kumfuata mpaka ruhusa itoke.

Siku ya treni, katekista alikuja stesheni na kifurushi cha chakula na shati lake zuri la Jumapili. Polisi akamzuia.

"Baba, usimukaribie. Tuko nakulinda weye."

"Kunilinda na nani?"

"Na ule."

Akanipa mimi kifurushi, nikakifikisha dirishani. Mume wangu alikipokea bila kukiangalia. Alikuwa ametoa kichwa nje, akimtazama katekista juu ya kofia za polisi. Kwetu mtani hakuachi usafiri bila kukutukana. Safari isiyo na tusi ina mkosi. Mume wangu alikuwa akingoja tusi lake.

Katekista alifungua mdomo. Polisi akamgeukia. Katekista akaufunga.

Treni ikaondoka.