Mayai Mgongoni mwa Shemeji

Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniita kwenye kamba ya nguo akashusha sauti, ingawa uani tulikuwa sisi wawili tu na mwanangu, aliyekuwa akitafuna kibanio.

"Mimi si mtu wa maneno," alianza, nikajua maneno yanakuja. "Lakini yule shemeji yako ana mtu. Tena kampenda mpaka kachanganyikiwa."

"Umejuaje?"

"Nimemwona kwa macho yangu, nyuma ya bafu. Ananyoa miguu."

Nilibana shati la mume wangu kwenye kamba, nikalibana tena, ili nisicheke. "Miguu?"

"Yote miwili! Kwa wembe na povu la sabuni. Halafu alfajiri anatoka na baiskeli bila mayai, anarudi kalowa jasho, anatabasamu peke yake. Mwanamume anyoe miguu kwa ajili ya nani, kama si mwanamke?"

Kwa kweli ilikuwa kwa ajili ya mlima, lakini nilimwachia Mama Pacha raha yake.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Anakaa chumba cha uani, chenye kitanda, msumari wa kutundikia suruali, na baiskeli inayolala karibu na mto wake kuliko atakavyolala mke siku akimpata. Kazi yake ni kusambaza mayai. Anayachukua ghalani, anapanga trei kwenye karia, ghorofa juu ya ghorofa, anafunga kwa mpira, anapeleka madukani. Huku kwetu kila njia ama inapanda ama inashuka. Kupanda na mzigo ule hakumpi shida, maana mapaja yake ni magogo. Ila kushuka! Shemeji anashuka mteremko kama bibi harusi anavyoshuka ngazi. Vidole havibanduki kwenye breki. Akiona kokoto anaikwepa, akiona kivuli cha kokoto anakikwepa pia. Wenzake wa ghalani wanamwita Breki, na yeye anaitika.

Wenzake hao wana timu ya mashindano ya baiskeli, yale ya barabara ya vilimani. Mnakimbia watu wanne, mnapokezana kukaa mbele kuwachania wengine upepo, na saa ya timu inasimama pale mtu wa mwisho anapovuka mstari. Hata watatu wafike mapema wakaoge wakabadilisha nguo, watamsubiri wa nne. Mwaka jana wa nne alikuwa Breki. Walifika kileleni wakiwa wa kwanza, wakafika chini wakiwa wa mwisho.

Mwaka huu Nahodha, ndivyo wanavyomwita kiongozi wao, alikuja mpaka nyumbani kumpa onyo. Ndiye pia aliyewaambia wote wanyoe miguu, eti upepo unateleza.

"Breki, nakupenda kama ndugu," alisema huku akimalizia chai yetu. "Lakini ukiwachelewesha tena wenzako kwenye mteremko, mwakani nafasi yako nampa mlinzi wa ghala."

"Yule mzee anayesinzia amesimama?"

"Huyo huyo. Angalau akisinzia hatashika breki."

Shemeji alicheka pamoja naye. Ila Nahodha alipoondoka, sahani ya shemeji ilibaki na chakula, na katika nyumba yetu hiyo ni habari ya kushtua. Nilijua anawaza nini. Miaka yote hii hajawahi kuwa na timu ya kitu chochote, na hii ilikuwa inamponyoka vidoleni, tena vidole vyake mwenyewe.

"Shemeji," nilimwuliza, "baiskeli ya mashindano haina hata karia. Unaogopa kuvunja nini?"

"Kichwa kinajua hakuna mayai. Vidole ndio havijui. Nikianza kushuka nayasikia kabisa huko nyuma, yanagongana."

Nilikuwa nimempakata mtoto, nikawaza. "Na kama yamechemshwa?"

Akanitazama kama vile nimemtukana, kisha kama vile nimemzawadia kitu.

Kesho yake alileta trei ya mayai yenye nyufa, yale ambayo ghala haliuzi. Niliyachemsha yote, tukayafunga kwenye karia ya baiskeli ya kazi, akaenda kwenye mteremko wa nyuma ya shule. Alirudi macho yanatoka machozi, nywele zimelala nyuma.

"Shemeji! Kumbe upepo una kelele!"

Basi ikawa hivyo kila siku. Mayai yakarudi, tukayala. Yakaenda mengine, yakarudi, tukayala. Mume wangu akauliza kwa upole kama iko siku atakula kitu kisicho na ganda.

Siku ya mashindano karia haziruhusiwi, lakini fulana za waendesha baiskeli zina mifuko mgongoni. Tukakubaliana: mayai matatu tu, ya kuvituliza vidole. Alfajiri nikayatia kwenye sufuria, nikawasha jiko la mafuta ya taa. Mtoto naye akachagua dakika hiyo hiyo kujichafua mpaka shingoni. Niliporudi nilikuta jiko limezima, nikajua mume wangu kaona yameiva kalizima. Nikayashika, ya moto. Nikayapangusa, nikampa. Akayaingiza mfukoni moja moja, kama mtu anayelaza watoto.

Mama Pacha alikuja nasi, amwone huyo mwanamke. Tulisimama kwenye kona ya chini, karibu na mstari wa mwisho, yeye akikagua watazamaji. "Ni yule mwenye miwani? Hapana, yule anaonekana ana akili."

Mara watu wakapiga kelele: "Kuku wamefunguliwa!" Ni fulana za njano za timu ya ghala, juu kabisa kileleni. Wakaanza kushuka. Sikumtazama shemeji usoni, nilitafuta vidole vyake. Vilikuwa vimelala juu ya usukani, vimenyooka, havigusi chochote. Alipita mbele yetu na upepo ukampiga mwanangu akapepesa macho.

Walitanguliwa na timu ya mafundi umeme tu. Na wa nne kuvuka hakuwa Breki. Alikuwa Nahodha, ulimi nje, wenzake watatu wakimsubiri.

"Nahodha," shemeji alimwita, "yule mlinzi wa ghala bado yupo?"

Nahodha alimsogelea akihema. Akamkumbatia kwa nguvu zote zilizobaki, akampiga mgongoni, kofi la ndugu kwa ndugu. Kitu kikalia kwacha.

Shemeji alipeleka mkono nyuma. Ulirudi na ute wa njano unaodondoka mpaka kwenye kiwiko.

"Yesu wangu, ini limepasuka!" alisema Mama Pacha.

Shemeji akanitazama mimi. "Shemeji. Ulichemsha?"

"Si mume wangu ndiye aliyezima jiko?"

"Mimi?" alisema mume wangu. "Jiko liliishiwa mafuta lenyewe. Nilidhani umeona."

Nilitamani kujificha nyuma ya mtoto. Shemeji alikaa ukingoni mwa barabara, miguu yake iliyonyolewa imenyooshwa mbele, akageuka kuutazama ule mteremko kuanzia juu mpaka kwenye kona.  Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi.

"Mwakani utanipa tena matatu," alisema.

"Nitayachemsha mpaka yawe mawe, naapa."

"Sikiliza kwanza." Alifuta mkono kwenye fulana, akanisogelea ili wenzake wasisikie. "Uchemshe, usichemshe, hiyo ni kazi yako. Ninachokuomba ni kimoja tu, shemeji yangu. Usiniambie."